Alhamisi ya Limpho

Mama Thando alikisoma kile kitabu huku mtoto ananyonya, ukurasa leo, ukurasa kesho, kidole kikifuata mstari. Alikiazima kwa jirani. Ilikuwa riwaya ya watumishi wa nyumbani wa Johannesburg enzi za makaburu, wanawake weusi waliolala kwenye vibanda vya uani, wakaingilia mlango wa nyuma, wakalea watoto wa kizungu huku watoto wao wenyewe wamewaacha kijijini. Alilia sana. Alilia na raha kidogo ndani yake, maana alitazama nyumba yake hapo Katlehong, nje ya Johannesburg, akajiona yuko salama. Dada Limpho, aliyetoka Lesotho kuja kumlelea mtoto, alikula nao meza moja, na penye nyama alipakuliwa nyama.

Kisha akafika mahali pa Alhamisi.

Kitabu kilisema watumishi wale walipumzishwa Alhamisi mchana, mji mzima, ndiyo maana umoja wa akina mama makanisani ukawa unakutana siku hiyo. Hawakuwa na siku nyingine. Mama Thando alikilaza kitabu kifudifudi. Tangu utotoni alijua Alhamisi ni blauzi nyekundu na kofia nyeupe, sare ya umoja huo. Bibi yake alivaa, mama yake akavaa, naye alipoolewa akavalishwa. Hakuwahi kuuliza kwa nini si Jumatano. Na kila Alhamisi, ili yeye aende akaimbe, Limpho alibaki na mtoto.

Alimkuta jikoni akimpigia pasi blauzi hiyohiyo, anaizungukia kola kwa ncha ya pasi.

"Dada Limpho, kwenu unasali wapi?"

"Kanisa lenu hilihili."

"Na umoja wa akina mama?"

"Nimo. Sare yangu iko kwenye begi."

Mama Thando akauliza mbona hakusema siku zote hizo. Limpho aligeuza blauzi upande wa pili.

"Mtoto ungemwachia nani?"

Aliuliza bila uchungu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Mama Thando alikosa pa kuweka macho.

Alhamisi iliyofuata alibaki yeye. Limpho alitoka getini na sare yake, kola imesimama, anatembea kama mtu mwingine. Jioni alirudi, akavua kofia, akaanza kumenya viazi. Ibada ilikuwa nzuri, alisema. Mwenyekiti, Mama Sibeko, alimuuliza yeye ni dada wa kwa nani, na chai ilipoisha akaonyeshwa beseni. Akaosha vikombe vyote.

"Mmoja akasema, 'Siku hizi Mama Thando hata kusali anamtuma dada wa kazi.' Wakacheka hao."

Limpho alitabasamu. Mama Thando naye nusura acheke, kwa sababu utani ule angeweza kuutoa yeye. Angekuwa pale, angenyoosha kikombe chake kitupu bila hata kugeuza shingo. Uso ukamwaka, akajifanya anamfuta mtoto mate.

Wiki ya tatu walikwenda wote, mtoto mgongoni kwa mama yake, amefungwa blanketi. Alichokusudia hakumwambia Limpho. Waliimba, waliomba, walikunywa chai na maandazi. Halafu Mama Sibeko, aliyemwita kila mtu Mama fulani, akasema kwa upole, "Limpho, vyombo."

Mama Thando akawahi kusimama kabla yake.

"Leo naosha mimi. Limpho ni mama kama sisi, akae."

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Kutoka nyuma mtu akasema haya, bosi katoa amri, na vicheko vikazimwa viganjani. Limpho alibaki kwenye kiti chake, kichwa chini, kama aliyevuliwa nguo hadharani.

Mama Thando alikwenda kwenye beseni, akaanza kuosha vikombe. Muda si muda akasikia hatua. Limpho alikuja, akachukua kitambaa, akaanza kufuta.

"Mama Thando," alisema chinichini. "Wanajua mimi ni mtumishi. Wewe ndiye uliyenifanya nitazamwe."

"Nilitaka—"

"Najua ulichotaka. Siku nyingine njoo ushike kitambaa. Usinitangaze."

Mama Thando aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondokea kwenye povu. Safari hii hayakuwa na raha yoyote. Akamwomba radhi. Limpho hakusema amemsamehe. Alisogea tu kidogo, akampisha mahali pa kusimama.