Taa ya Njano na Kitanda cha Zuhura

Ijumaa ile tulitoka Kibiti kwa sababu ya kitanda. Shangazi Mwanahawa alikuwa akimwoza bintiye Zuhura huko Mbwera, nasi kwa kiburi chetu tuliwaahidi wakwe kitanda cha mninga. Nikaha ilikuwa alasiri, na boti ya Mbwera ingeondoka saa sita mchana, maji yakiwa yamejaa. Tukiikosa, bibi arusi angekaribishwa kwenye mkeka, na hilo wakwe wangelisimulia mpaka kwa wajukuu.

Saa mbili asubuhi nilikifunga kitanda mwenyewe juu ya pikapu ya shemeji yangu Kondo, mume wa dada. Gari lilikuja limeshatumika Japani, miaka ile kila mtu alipogeuka mfanyabiashara. Mbele hapakuwa na pa kufungia, basi nikaipitisha kamba ya usumba, ile ya nyuzi za makumbi ya nazi, chini ya boneti, nikaizungusha humo ndani, nikaibamiza boneti juu yake. Nikajisifu sana. Shangazi akapanda mbele pamoja nasi.

Nje kidogo ya Kibiti, taa ya njano yenye picha ya injini iliwaka. Kondo alitoa plasta ya kidonda mfukoni, akaibandika juu yake.

"Hii taa ina wivu tu," alisema.

Nilianza kumlaani kimoyomoyo kuanzia hapo.

Mtawanya, saa nne. Gari lilikohoa, likazimika. Mafundi wawili wa magari walichungulia, wakasikia lina kompyuta, wakanawa mikono. Tukaelekezwa kwa Athumani, fundi redio, aliyekuja na kipande cha waya na karatasi chakavu yenye namba za maradhi ya magari. Nilifungua kamba, boneti ikainuliwa, naye akaunganisha matundu mawili ya kiboksi cheusi kwa waya wake. Kondo akabandua plasta. Taa ilikuwa ikikonyeza.

"Hesabuni," alisema Athumani. "Mikonyezo ya kwanza ni makumi, ya pili mamoja. Halafu giza refu, inaanza upya."

Kwa jua lile taa ilionekana kwa taabu. Shangazi akavua kanga ya juu, akajitanda pamoja na dashibodi. Kondo naye akaingiza kichwa upande wake.

"Nne, moja," alisema Kondo.

"Moja, nne," alisema Shangazi.

Athumani akasoma karatasi. "Arobaini na moja ni kifaa cha pale kwenye mafuta, hakipatikani mpaka Dar. Kumi na nne ni waya wa habari za cheche, naufunga hapa hapa."

"Basi ni kumi na nne," alisema Shangazi.

"Mama, wewe una harusi. Shahidi mwenye haja yake simpokei," alisema Athumani. "Hata mwezi wa Idi hatufungulii kwa ushahidi wa mtu mwenye njaa."

Wote wakanigeukia mimi. Niliogopa kweli, maana nilikuwa naitamani kumi na nne kuliko Shangazi mwenyewe. Nilipoinama chini ya kanga, Shangazi alinishika bega.

"Usianzie kati, mwanangu. Mpunga tunaupima pishi ya kwanza kwanza. Ngoja lile giza refu."

Nikangoja. Giza refu. Moja. Kisha nne. Nikarudia mara tatu, ndipo nikashuhudia. Kondo alikuwa ameanzia kati.

Athumani aliufuata waya kwa vidole mpaka akaukuta umechubuka na kukatika. Akachomoa uzi mwekundu wa nazi, akauinua juani.

"Na usumba huu nao umetoka Japani?"

Wote wakaitazama kamba mkononi mwangu.

Athumani akaufunga waya, gari likawaka. Saa sita ufukweni, nahodha alikuwa ameshaanza kusukuma boti. Shangazi aliingia majini mpaka magotini, akaishika, akasema haendi mtu. Tukapakia kitanda, mara hii akifunga Kondo.

Mbwera walituuliza kwa nini tumeichelewesha boti.

"Gari bovu," alisema Shangazi, wala hakunitazama.

Kondo, ambaye gari lake lilikuwa zima kabisa, aliitikia kwa kichwa. Zuhura alipoketi juu ya kitanda chake nilifurahi mpaka nikalia, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya aibu.

Jumapili tulirudi. Nilikuwa nimejifunza kungoja giza refu kabla ya kutoa ushahidi, na kukagua fundo langu kabla ya kumlaani dereva. Njiani nilimwomba Kondo radhi. Akasema yamekwisha, tusiyarudie tena. Lakini ile kamba aliikalia mwenyewe mpaka Kibiti.