Geji Haioni Mlima

Iko siku moja ambayo hainitoki, mwanangu. Nilipakia wazee wa ukoo wetu kule Bumula niwapeleke Kitale kumposea ndugu yangu Wafula mke, nami nikaishia kuwashusha kwenye shamba la mahindi la watu, wamevaa makoti ya Jumapili, wanakohoa moshi. Siku hizi tukikutana tunaicheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nakusimulia kwa sababu nimekuona ukibandika geji kwenye dashibodi ya gari lako, na nimesikia ukiwauliza wenzako hapa Tuwan, Kitale, ati turbo iliyotoka na gari kiwandani inaweza kupandishwa presha hadi alama gani kabla haijafa. Swali ni zuri. Jibu ulilopewa ndilo lililonitia wasiwasi, maana nami nilipewa hilohilo nikiwa na umri wako. Na mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wakati huo nilikuwa msichana pekee kijijini kwetu mwenye leseni. Baba alikuwa amenunua gari la dizeli la mtumba, la kubeba watu tisa, na kwa kuwa macho yake yalianza kufifia, mimi ndiye niliyemwendesha. Watu walisema. Baba Mdogo, ndugu yake baba, alisema kuliko wote: msichana apeleke wazee kwa wakwe, tutachekwa mpaka Webuye. Baba akamjibu mbele ya wote kwamba Nekesa ndiye atakayeendesha, na gari likifika salama, wadogo zangu wawili nao watafundishwa. Lisipofika, hakuna binti yake mwingine atakayegusa usukani. Kwa hiyo, mwanangu, sikuwa nimebeba wazee peke yao. Nilikuwa nimebeba neno la baba na usukani wa wadogo zangu.

Sasa, lile gari lilikuwa zito kwenye mlima. Madereva wa malori ya mahindi walinipita wakinipungia mkono kwa huruma, na mimi huruma ya namna hiyo siipendi hata leo. Binamu yangu Barasa alikuwa amekuja likizo kutoka Mombasa, ambako alikuwa dereva wa mizigo. Akatazama geji ya turbo, ile inayopima presha ya hewa, akaona haipiti nane, akacheka.

"Ati nane? Bana, hii turbo imelala tu. Sisi kule Mombasa tunaenda na kumi na nne kila siku, na hakuna kitu inafanyika."

Barasa hakunidanganya, na hapo ndipo penye somo lote. Gari lake lilikuwa kama letu, turbo yake kama yetu, na kweli alikuwa akiliendesha hivyo kila siku.

Tukalipeleka gari kwa fundi mmoja mjini Bungoma. Turbo, kama unavyojua, huzungushwa na moshi wa injini, nayo huisukumia injini hewa. Ina kimlango kinachofunguka presha ikifika kikomo, ili moshi upite kando usiizidishie kasi. Kimlango hicho hushikwa na kijiti chenye skrubu. Fundi akakaza skrubu, akafungua dizeli kidogo kwenye pampu, akatuambia tujaribu. Geji ikapanda mpaka kumi na nne, na gari likaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Nikawapita wote waliowahi kunipungia mkono. Nisikufiche, ilikuwa tamu. Hata Baba alipopanda alisema gari limepona ugonjwa ambao hakujua lilikuwa nao.

Siku ya posa ikafika. Baba alibaki nyumbani kungoja majibu, na msemaji wetu akawa Baba Mdogo. Aliketi mbele kando yangu, mikono juu ya magoti, hataki kuongea na dereva. Mpaka Kimilili tulikwenda vizuri, wazee nyuma wakipanga nani atasema nini. Tulipopita Kamukuywa nchi ikaanza kuinuka. Si mlima wa kukutisha, ule. Ni kupanda polepole kusikoisha. Nikakanyaga mafuta. Geji ikasema kumi na nne, nami nikatulia.

Mluzi wa turbo ndio uliokuwa umebadilika. Ulikuwa mwembamba zaidi, umepanda juu. Baba Mdogo akaniuliza hiyo kitu inalia nini. Nikamwonyesha geji, nikamwambia iko sawa, kwa ile sauti ambayo vijana huitumia wakiona mzee anauliza mambo yasiyomhusu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulikuwa tunakaribia Kiminini turbo ilipopasuka. Nilisikia kishindo, kisha moshi mweupe ukafunika barabara yote nyuma yetu. Nikazima ufunguo. Injini haikuzima. Ilizidi kunguruma, yenyewe, bila mguu wangu, ikipanda na kupanda. Oili ilikuwa inavuja kutoka kwenye turbo na kuingia ndani ya injini, na injini ya dizeli ikipata cha kunywa haiulizi kimetoka wapi. Niliogopa, mwanangu. Niliwaona wale wazee saba kwenye kioo, wengine wameanza kuomba Mungu kwa Kibukusu, nikajua kwamba kama litashika moto watateketea kwa sababu yangu.

Nikakaza breki kwa nguvu zangu zote, nikaingiza gia ya juu kabisa, nikaachia klachi ghafla. Gari likatikisika lote, likafa. Wazee wakatoka mbio na bakora zao, wakaingia mahindini.

Nilikaa kwenye majani kando ya barabara nikilia. Baba Mdogo akaja. Nilingoja aniambie kwamba alisema mwanamke hawezi. Hakusema hivyo. Akaketi kando yangu, akaniuliza nani aliniambia nipandishe hiyo kitu. Nikamtaja Barasa, nikamweleza habari za Mombasa na geji iliyokuwa sawa mpaka mwisho.

"Sasa Barasa akikwambia hivyo," akasema, "alikuwa amesimama wapi?"

Sikuelewa. Akaniambia habari ya dume lake la kulimia, lililokuwa likimaliza shamba zima kule Bumula kabla ya chai. Shemeji yake wa huku juu akaliazima, akalifunga jembe siku ileile lilipofika mlimani, kwa kazi ileile ya nyumbani. Lilipiga magoti shambani, ulimi nje, na likafa.

"Ng'ombe haikuwa mgonjwa, Nekesa. Na huyo shemeji hakukuwa mjinga. Kazi ni ile ile, lakini pumzi si ile ile."

Fundi wa Kitale aliyeifungua ile turbo baadaye alisema hayohayo kwa njia yake. Geji hupima tu kile turbo inachoongeza juu ya hewa ya mahali ulipo. Mombasa, kando ya bahari, hewa ni nzito, turbo inakusanya kumi na nne bila kujiua. Bungoma imepungua, Kitale imepungua zaidi. Ukidai kumi na nne huku juu, turbo italeta, lakini itazunguka kwa kasi ambayo haikuundiwa, mpaka ipasuke. Sindano itabaki palepale ikikuambia mambo ni sawa. Geji yenyewe haioni mlima.

Tulifika kwa wakwe jua likielekea kutua, juu ya trela ya trekta iliyokuwa imebeba mbolea. Wasemaji wao walikuwa wameshaondoka na kuku wameshaliwa. Tulipewa chai kwa adabu, tukaambiwa turudi baada ya mavuno. Msimu wote ule Wafula hakunisemesha ila kuniomba chumvi.

Nyumbani, Baba Mdogo alisimama mbele ya baba yangu akasema, "Gari imeharibikia mkononi mwa huyu msichana, na sisi tumeponea mkononi mwake. Zote mbili ni ukweli." Baba akasema gari litengenezwe, lirudishwe nane, na dereva atabaki yuleyule. Lakini neno alilolisema mbele ya watu kuhusu wadogo zangu hakulirudisha. Mmoja alijifunza kuendesha akiwa ameshazaa watoto watatu. Mwingine hakujifunza kabisa, na mpaka leo akitaka kwenda kliniki hungoja mtu wa kumpeleka. Kila ninapompeleka mimi, moyo huniuma, ingawa yeye hajawahi kunilaumu.

Basi nisikilize, mwanangu. Sikukatazi gari lako. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kila turbo ina kikomo chake, kilichowekwa na watu waliojua chuma chake, oili yake na joto lake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kikomo cha kiwandani si uoga wa aliyeunda. Ni akiba aliyokuwekea kwa siku ya mlima, ya joto, na ya mzigo. Ukiila akiba hiyo barabarani kwa kujionyesha, siku utakapoihitaji haitakuwepo. Na kama lazima ubadilishe kitu, mtafute mtu atakayepima gari lako mwenyewe, huku juu unakoishi, apime na mafuta na joto, si presha peke yake. Ukisikia mluzi umebadilika, ondoa mguu kwanza, utauliza baadaye.

Wala usiichukue ile nane yangu. Ilikuwa ya gari lile. Yeyote atakayekupa namba, ya turbo au ya jambo lingine lolote la maisha haya, muulize alikuwa amesimama wapi alipoijaribu, na nani alikuwa amekaa nyuma yake. Wengi wanaokushauri huwa wako peke yao garini. Wewe una mke na mtoto mchanga.

Haya, nenda. Mungu akupe subira kwenye mlima na breki kwenye mteremko. Akupe sikio la kusikia kabla ya kishindo. Na kila mtu utakayempakia, mwanangu, ashuke kwa miguu yake mwenyewe, mahali alipokuwa anakwenda.