Mwalimu Benigna na Kahawa ya Ijumbi

Mwalimu Benigna Kokubanza alikuwa binti wa Kibeta, mwembamba, mwenye mwendo wa kuharakisha hata pasipo haraka. Mwaka 1968, Azimio la Arusha likiwa bado jipya midomoni mwa watu, alihamishiwa shule moja ya Ijumbi kufundisha historia. Vitabu alivyovikuta ni vya enzi ya mkoloni. Asubuhi moja darasa la saba wakisoma kwa sauti walifika mahali palipoandikwa kwamba kahawa ililetwa Buhaya, nchi yao, na wamisionari.

Jovitha, msichana wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. Akasema bibi yake Alistidia huwakaribisha wageni kwa akamwani, zile buni za kutafuna, na husema babu zake walizitafuna kabla mzungu hajaonekana.

Benigna angeweza kumwambia akae. Lakini aliona jinsi darasa lote, lililokuwa likisinzia, lilivyomgeukia Jovitha. Akafunga kitabu, akaandika ubaoni: "Nani kasema, naye amejuaje?" Kisha akawatoa nje, wakashika njia ya migombani.

Bibi Alistidia aliwapokea uani. Akawaonyesha kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, akawapa watafune, akacheka walivyokunja nyuso. Alisimulia kwamba babu yake alichanjiana udugu na rafiki yake kwa buni mbili za tunda moja, kila mmoja akimeza yake ikiwa na damu ya mwenzake. Watoto walitoka pale wakiruka.

Kesho yake walikwenda kwa Mzee Ndyamukama, katekista mstaafu. Yeye akawaambia bila kusita kwamba kahawa ililetwa na mapadre, na kwamba miche ya kwanza aliibeba kichwani mwenyewe akiwa kijana. Alionyesha hata njia aliyopita.

Darasani kukawaka moto. Wengine walisema kitabu kimeshinda. Wengine walisema mzee amesahau. Kijana Philbert akadai mmoja wao lazima ni mwongo. Wakamtazama mwalimu awape jibu, naye alikuwa na hamu ya kulisema, maana alianza kulihisi. Akauma ulimi.

"Mmesikia walichosema," akawaambia. "Je, mmewauliza walisema juu ya kitu gani hasa?"

Jovitha ndiye aliyesimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mwalimu, kahawa ipi?"

Walitoka mbio, Benigna akiwa nao, sketi ameishika mkononi. Kwa Alistidia walikata tawi la mti wa kahawa mrefu, mkongwe, wenye majani mapana. Kwa Ndyamukama walikata tawi la mti mfupi, majani yake madogo na membamba. Wakayaweka yote mawili juu ya meza ya mwalimu, na hapakuwa na haja ya kueleza.

Benigna aliwaalika wazee wote wawili shuleni. Ndyamukama alilishika tawi la majani mapana, akalizungusha, akakiri kwamba miti ya namna hiyo aliikuta kwao tangu alipozaliwa. Kwa kuwa haikuwa ile ya misheni, hakuwahi kuihesabu kuwa kahawa. Alistidia akamwambia taratibu, "Mwanangu, hata miche yako niliiona ikipita. Hukudanganya."

Jioni ile Philbert alikwenda kumsindikiza Mzee Ndyamukama nyumbani na kumwomba radhi.

Darasa likaandika sura yao wenyewe: kahawa ya wahenga, kisha kahawa ya misheni, na majina ya mashahidi yakiwa chini. Mwaka uliofuata walimu wenzake wa shule ya Kahororo walimwita awaeleze alivyofanya. Alikwenda na Jovitha, na njia nzima kwenye basi walibishana kwa furaha juu ya asili ya ndizi.