Mgomba Tuliouzika

Mama mkwe alinipigia simu mchana, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano hapa kisiwani, Kizingitini. Hakuniuliza hali. "Mama," akasema, kama anavyoniita siku zote, "tumekaa kikao. Ni Jumamosi ijayo. Uje na shati lake."

Kwetu magharibi, mtu akipotea na mwili usionekane, ukoo hutwaa mgomba, ukauvisha nguo zake na kuuzika, ili roho isitangetange na walio hai wapate kulala. Mke ndiye hutupa udongo wa kwanza. Nilijua maana yake. Nikiutupa udongo ule, nitakuwa nimesema kwa mkono wangu kwamba mume wangu amekufa, na kwa miezi saba nilikuwa nimekataa kulisema neno hilo hata mbele ya Mungu.

Alikuwa fundi wa sola. Alivuka kwenda Mkokoni kutengeneza taa za zahanati, boti ikapigwa na wimbi ubavuni, ikapinduka. Nahodha na abiria mmoja waliokolewa. Ndio walioniambia kwamba mume wangu jaketi la kuokolea hakulivaa. Alilikalia, kwa sababu ubao ulikuwa mgumu. Mtu aliyekulia milimani, ambaye mto wa kwao haufiki magotini, anakalia jaketi! Nilimkasirikia, na hasira hiyo haijaisha.

Siku boti ilipopinduka, jirani yangu, Bi mmoja wa makamo, aliniita kutoka nje: "Mwalimu, ndoo! Ndoo hima!" Tulikuwa na wiki ya tatu tu kisiwani. Nikadhani kuna maji yanagawiwa. Nikaingia ndani, nikatafuta ndoo, nikaisuuza, nikatoka nayo nikitabasamu. Watu walikuwa wamejaa pwani, wote wakinitazama mimi na ndoo yangu.

"Mumeo hayaonekana," Bi akaniambia, akanishika mkono.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwa watu wa huku, ndoo ni njoo, na hayaonekana ni hajaonekana. Boti ya kwenda kumtafuta ilikuwa imeshaondoka. Walinisubiri, kisha maji ya bahari yakaanza kupwa, wakaogopa kukwama. Nisingewasaidia kitu, kila mtu ameniambia hivyo. Lakini bado najiuliza kama jicho la mke lisingeona kile ambacho macho ya wengine hayakukiona.

Jumapili, sisi Wakristo wachache wa hapa, walimu wanne na askari wawili, husali katika darasa la nne. Mwanzoni tuliomba Mungu amrudishe. Baadaye tukaomba amlinde popote alipo. Halafu wenzangu wakaanza kuniombea mimi, Mungu amtie nguvu dada yetu, nikatambua kwamba wamekwisha kumzika kimyakimya bila kunishirikisha. Nikabaki kumwombea peke yangu. Nyumbani nilikuwa nikisikia kikohozi chake cha asubuhi, kile cha bafuni, kikavu, mara mbili tatu. Nikifungua mlango nakuta sabuni yake imepasuka kwa ukavu. Kila Jumamosi nilifua nguo zake ambazo hakuna aliyezivaa, nikazianika.

Kwa hiyo nilimjibu mama mkwe kwa ukali, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimwambia kuuzika mgomba ni kumkatia Mungu tamaa.

Hakunifokea. "Mwanangu, wewe unangoja ashuke kwenye boti. Mimi nangoja afufuke. Sasa nani kati yetu amekata tamaa?"

Nikalikunja shati, nikasafiri.

Mchungaji alikataa kuuombea mgomba. Alisimama nje ya ua akasema huo ni upagani, yeye hataki kesi na Mungu. Mama mkwe, ambaye ameongoza akina mama wa kanisa hilohilo tangu mimi sijaolewa, akafumba macho akaomba mwenyewe, kwa sauti, bila kutoa chozi. Shati liliukaa mgomba vizuri mno. Mtu alikuwa amelifunga hadi kifungo cha juu, nami nilitaka kusema hapana, yeye hukiacha wazi, lakini nikainama kuchota udongo. Nilitupa udongo. Nilidhani nitazimia, kumbe nilipatwa na usingizi, nikalala siku mbili.

Niliporudi kisiwani kikohozi kilikuwa kimekoma. Niliumia kukikosa, lakini nilikuwa nalala.

Mvua zilipokwisha, mama mkwe alipiga tena. "Mama, kaburi limeota."

Vijana waliotumwa kuukata mgomba walikuwa wameung'oa na kisiki chake chote, kosa ambalo kwetu mtoto mdogo halifanyi, kwa maana mgomba wenye kisiki haufi. Chipukizi lilitokea upande wa kichwani. Wazee walisema roho imekataa kaburi, ling'olewe upesi. Wengine walisema ni ishara kwamba yuko hai mahali. "Wewe ndiye wa kusema," mama mkwe akaniambia. "Tuling'oe?"

Nilimwomba anipe siku moja. Nawaambia kweli, sikuona ufufuo wowote. Niliona shati lake likitobolewa. Niliogopa kwamba nikiamini tena, kikohozi kitarudi, na usingizi ule niliopewa nitanyang'anywa.

Nikamweleza Bi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Mngu hashindwi ni kitu," alisema. "Lakini huo ni mgomba, mwalimu. Wataka mai tu."

Maji tu! Nilicheka, mara ya kwanza tangu bahari imchukue. Kesho yake, wakati wa mapumziko, nilimpigia mama mkwe nikamwambia wasiling'oe. Sikumpa sababu, maana sikuwa nayo. Nilijua tu kwamba mkono wangu ulishamzika mara moja, na mara ya pili hautaweza.

"Na mgomba ukizaa?" akauliza. "Ndizi zake nani atathubutu kuzila?"

"Mimi," nikasema. "Nitakuja, tutazila mimi na wewe."

Hapo ndipo mama mkwe, ambaye hakulia hata kaburini, alipoanza kulia.