Kanga ya Kunikomboa

Nilipokuwa mtoto kule Murangi, nilikatazwa kumwita mama yangu mama. Nilimwita shangazi. Mama kwangu alikuwa Nyangeta, jirani yetu muuza dagaa, ambaye hakujaliwa kuzaa.

Ndugu zangu walionitangulia walikufa wote wachanga. Nilipozaliwa, bibi mzaa baba alinilaza alfajiri kwenye ungo mbovu juu ya jalala, na Nyangeta akapita kana kwamba anakwenda ziwani kuchota maji.

"Nani katupa mtoto huku?" akapiga kelele, akaniokota. Ndipo nikapata jina la Jalala. Kifo kikija kwetu kikute hakuna mtoto, yupo wa Nyangeta tu. Ulikuwa mchezo, na kila mtu alijua ni mchezo isipokuwa mimi. Nadhani na Nyangeta.

Nilipoacha kunyonya nikahamia kwake. Alinichambulia ningu, samaki mwenye miiba kana kwamba ana ugomvi na anayemla, yeye akabaki na kichwa. Nikiugua, hakulala. Kwetu nilikwenda kucheza tu, na yule "shangazi" alinitazama sana hadi nikamwogopa. Leo namwonea huruma na yeye.

Meno ya utoto yalipoanza kung'oka, mila ilitaka nikombolewe kwa kanga mpya. Ilikuwa miaka ya uhaba. Tulifulia majani ya mpapai, na baba alihangaika Musoma hadi Bunda ndipo akaipata. Wakaja nayo, baba, mama na bibi. Nyangeta akaitupia jicho, akaendelea kuanua dagaa.

"Sipokei. Nikipokea nitakuwa nimemuuza."

"Nyangeta, mwanangu," bibi akasema, "si tulikuwaga tumekubaliana? Asiyekombolewa haishi. Unataka tumzike?"

Nyangeta aliniangalia. Akafuta mikono kwenye nguo yake iliyochakaa, akainyoosha yote miwili, akaipokea ile kanga.

Tangu siku hiyo alikatazwa kuniita mwanae, na mimi kumwita mama, ili kifo kisirudi kuuliza. Jioni nililia mlangoni kwake. Nilimsikia ndani, lakini hakufungua.

"Nenda kwa mama yako, Jalala," akasema. "Nenda, giza linaingia."

Tukawa majirani wa shikamoo na marahaba. Biashara zilipofunguliwa, mitumba ikajaa kila gulio na kanga haikuwa tena kitu cha kutafutwa, lakini ile sikumwona nayo hata siku moja. Nilihamia Nyasho, mjini Musoma, nikaolewa, nikaacha kuamini mambo ya jalala. Yeye aliamini. Kila nilipokwenda kumsalimia na kutaka kulitamka lile neno, aliniziba mdomo kwa kiganja chake kinachonuka dagaa.

"Nyamaza wewe. Nimekuachaga ili uishi."

Sijui kama kifo kilihadaika kweli. Ninachojua ni kwamba mchezo ule ulitupatia mimi uhai na wazazi wangu mtoto, na yeye ukamwacha mikono mitupu.

Siku ya maziko yake, msimamizi aliita watoto wa marehemu waje kutia udongo. Hakutoka mtu. Mama yangu, mzee sasa, akanisukuma mgongoni.

"Nenda. Mama yako huyo."

Nikatia udongo. Nikaita, "Mama," kwa sauti, watu wote wakasikia, na hakukuwa na mkono wa kuniziba mdomo.