Ukoo Ulionikwama Puani

Waliokuwepo ni hawa. Upande wetu nilikuwa mimi mwenye nyumba; mwanangu kitindamimba, babake msichana aliyekuwa anaposwa; shemeji yangu, dada ya marehemu mume wangu, mtu wa kanisa kupita kiasi; na msichana mwenyewe, mjukuu wangu, jikoni nyuma ya pazia. Upande wa Bungoma alikuja ami ya kijana kama msemaji, shangazi yake mwenye kofia pana, na kijana mwenyewe, ambaye aliketi karibu na mlango kama mtu aliyeitwa kurekebisha stima. Majina yao ninayo yote, na ya babu zao pia, lakini mjukuu amenikataza kuyaandika. Ati watu wana haki ya siri zao. Haya.

Tulikuwa kwangu Tuwan, hapa Kitale, miaka ile simu za mkono zilipoanza kuingia hata mifukoni mwa wazee. Wageni walikuja kuzungumza mahari. Kwetu, kabla ng'ombe hajatajwa, koo hukaguliwa kwanza: wa baba, wa mama, wa nyanya wa pande zote. Ukoo mmoja ukionekana pande mbili, hakuna harusi, hata kama keki imeshaagizwa.

Na palikuwa na shimo moja. Nyanya ya kijana, aliyemzaa mamake, alikufa akijifungua, na mtoto akalelewa na watu wa kanisa. Mtu fulani huko Bungoma alikuwa amenong'ona kwamba marehemu alizaliwa katika ukoo wa mume wangu, ambao ndio ukoo wa mjukuu wangu. Aliyebaki hai akimjua ni mimi tu. Tulichota maji pamoja tukiwa wasichana. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. "Kukhu anakumbuka hata majina ya mbuzi," wajukuu walisema. Kukhu ndiye nyanya, na mbuzi ni kweli.

Shida ni kwamba Jumapili kabla ya hapo mjukuu alikuwa amenipokonya kopo langu la ugoro. Alikuwa chuoni akisomea mambo ya dawa, na hakutaka nipige chafya mbele ya wakwe. Akaniketisha, akanifundisha. Ati ubongo ni chembe nyingi zisizogusana. Moja ikitaka kusema na jirani yake, inamwaga kidawa kwenye mwanya ulio kati yao, na kile kidawa kinaingia kwenye kimlango cha jirani kama ufunguo kwenye kufuli. Mlango ukifunguka, habari inapita. Sasa ugoro, akasema, una ufunguo wa wizi unaofungua kufuli hizo hizo.

"Milango inafunguliwa ovyo, Kukhu, mpaka mingine inachoka na kukataa kufunguka. Basi ubongo unaongeza milango."

"Si hayo ni maendeleo?"

"Maendeleo gani, bana! Ukiacha ugoro, milango yote hiyo inabaki imekaa ikingoja ufunguo. Ndiyo maana unaniangalia hivyo."

Ni kweli nilikuwa namwangalia hivyo.

Tangu siku hiyo kichwa changu kilikuwa soko la mahindi: kelele nyingi na hakuna anayenunua. Nilitia chumvi kwenye chai. Shemeji akasema ni shetani anatoka, nivumilie.

Basi ami akakohoa, akaniuliza kwa heshima zote: "Mama, yule marehemu alikuwa binti ya nani?"

Nikafungua mdomo. Nilimwona msichana, nikaona mtungi wake, pengo la meno alilolificha akicheka. Jina la babake halikuja. Nikasema wangoje kidogo. Nikangoja. Ami akampigia simu mzee mmoja wa Bungoma. Simu ilikuwa imezimwa, kwa sababu mzee huyo huizima ili moto wa betri usiishe.

Shangazi akarekebisha kofia. "Kama mama hakumbuki, tuseme ni ukoo wenu tu, tuondoke mapema. Barabara yenyewe mnaijua."

Mwanangu akaangalia viatu vyake. Kijana pale mlangoni akaacha kupumua, mimi nikiona.

Pazia likasogea. Mjukuu akatoka na chai ambayo hakuna aliyeiitisha, akapiga goti mbele yangu vizuri sana, na kando ya kikombe, chini ya kitambaa, kulikuwa na kopo langu.

"Kukhu, kunywa chai."

"Hii ndiyo ile yenye ufunguo wa wizi?" nikamnong'oneza.

"Kukhu, tafadhali. Ni mimi ninayeolewa."

Nikavuta. Nikapiga chafya iliyohamisha kofia ya shangazi. Nikakaa kidogo, na soko likatulia. Jina likaja lenyewe: babake alikuwa mfua majembe kando ya mto, ukoo mwingine kabisa. Nikamtaja na babu yake.

"Una hakika?" shangazi akauliza.

"Nikutajie na mbwa wao?"

Shemeji akainua mikono, akasema Mungu ametenda. Wakaanza kuongea ng'ombe.

Jioni mjukuu aliyenivunjia heshima kwa wiki nzima akanirudia na masomo. Ati ugoro haukunipa kumbukumbu yoyote. Uliniondolea tu taabu ambayo wenyewe uliileta. Nikamwambia, yaani mwizi amerudisha mlango alioung'oa, na mimi nimpe chai? Akacheka mpaka akaketi chini. Baada ya harusi alinipunguzia ugoro polepole, nikauacha.

Siku hizi kichwa kimetulia kabisa. Na ndipo, nikichambua maharagwe, ninapowaona wasichana wawili pale mtoni, mmoja mwenye pengo na mwingine mwenye kovu mguuni, na binti ya mfua majembe, nadhani, alikuwa yule mwenye kovu, si yule wa pengo niliyeulizwa. Kama wewe ni mtu wa Bungoma na unajua vizuri kuliko mimi, nisahihishe. Lakini pitia kwangu kwanza, usiende kwa mjukuu. Yeye na mumewe wana watoto sasa, na yule mdogo amechukua pua yangu.