Foleni Nyuma ya Kamera ya Daktari

Tk. Hivyo tu. Kama kifuniko cha kopo la mafuta ya kujipaka kikifungwa chumba cha pili, na unajua mafuta ni yako. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kamera ya daktari wa meno. Mara ya kwanza kuisikia nilidhani amebadilisha nia, hajapiga, nikabaki nimeshikilia tabasamu.

"Nimemaliza," akasema.

"Daktari, hata sijasikia uchungu."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Nadhani kazini kwake hakuna mtu amewahi kumwambia hivyo.

Alikuwa mteja wa studio ya binamu yangu huko mtaani Kawangware. Studio yenyewe ni chumba kimoja, pazia la bluu la picha za pasipoti, printa, na benchi nje. Kila Jumamosi daktari alitoka kwake Lavington, mtaa wa wenye nazo, akaja kuchapisha picha zake kwetu, kwa sababu binamu yangu anajua kuiacha ngozi nyeusi na rangi yake, hageuzi watu kuwa majivu. Mimi nilikuwa msaidizi. Nilikata picha, nikafagia, nikanyoosha mabega ya watu waliokuja kutafuta picha ya kitambulisho wakiwa wamejikunja.

Kamera yake ilikuwa ndogo, nyeusi, nzito kama kufuli ya duka. Ukiiona utasema imetoka kwa sanduku la babu ya mtu. Wenyewe huiita renjifainda. Sisi tuliiita ya kidirisha, kwa sababu unachungulia kwa kidirisha kilicho kando na unamwona mtu wako mara mbili, yeye na mwenzake hafifu kama mvuke, halafu unazungusha lenzi polepole mpaka wawe mtu mmoja. Haikusaidii kwa lolote, kazi yote ni yako. Bei yake sitaitaja, nawaheshimu wanaosoma hii kabla ya chakula cha mchana.

Sasa, kwetu nyumbani sweta ya shule ilikuwa haiishi, inahama tu. Mkubwa akirefuka inashuka kwa anayemfuata, mpaka inamfikia wa mwisho ikiwa na viwiko vya rangi nyingine. Kamera zetu zilipangwa hivyo hivyo. Daktari alikuwa amemwahidi binamu yangu kwamba modeli mpya ikitoka ataichukua, na hii ya zamani atamwachia alipe polepole. Binamu akiipata, ile yake kubwa ya harusi inashuka kwangu. Mimi nikiipata hiyo, kikamera changu cha mfukoni kinaenda kwa jirani yangu kule Kianda, Kibera, mama anayeoka keki, ambaye simu yake ni ya kubonyeza na keki zake huondoka duniani bila ushahidi.

Kwa hivyo wote tulimwangalia daktari vile mtoto wa tatu humwangalia kaka yake akiegemea ukuta: amerefuka?

Jumamosi benchi lilijaa. Wapiga picha wa Kawangware walikuja, na wengine walitembea kutoka Kibera wakisubiri saa ya harusi. Walikunywa chai ya kibanda cha jirani na kuitakia modeli mpya mema, kana kwamba kila mtu ameshamwachia muuzaji jina lake.

"Iwe nyepesi," alisema mmoja. "Shingo yangu si ya punda."

"Itulize mkono."

"Mkono wako utulizwe na kupunguza chai, brathe."

"Mimi nataka iwe na sura mbaya zaidi," akasema jamaa mmoja anayepiga picha vichochoroni Mashimoni. "Ikae kama redio imekufa. Ikianza kung'aa, utapiga picha moja, halafu upigwe wewe."

Benchi lote likakubali kwamba hiyo ni akili. Sijui kama huko kiwandani kuna mtu amewahi kuombwa kamera yenye sura ya redio imekufa.

Mimi ndiye niliyekuwa na bando, kwa hivyo niliwasomea kwenye simu yale ambayo wapiga picha wa dunia nzima walikuwa wakitumaini. Daktari naye akaanza kuuliza kabla hata ya kuketi, "Leo wanasema nini?"

Shida yake ilikuwa miwani. Ukivaa miwani, jicho halifiki karibu na kidirisha, na kona za picha huzioni. Daktari alikuwa na albamu nzima ya ndugu zake wasio na viwiko.

Sasa mimi nilikuwa nimesoma mtu mmoja, mahali fulani, akiandika kwamba laiti modeli ijayo ingekuwa na kidirisha kikubwa. Nikaitoa ile laiti.

"Daktari, wanasema kidirisha kitakuwa kikubwa. Mtu wa miwani ataona mpaka kona."

Akaivua miwani yake akaiangalia kama mtu aliyesikia mkopo umefutwa. Binamu yangu, ambaye alikuwa akikata karatasi, hakuinua kichwa. "Na haitaogopa mvua," akaongeza. Baadaye akaninong'oneza, "Endelea, madam, anunue. Ongeza maziwa, usitie sukari."

Nikaendelea. Wiki moja betri ilikaa siku nyingi. Wiki nyingine kidirisha kikapanuka kidogo zaidi. Daktari aliwahadithia wagonjwa wake, na kwa kuwa walikuwa wamefungua midomo na mikono yake imo ndani, hakuna aliyebisha. Kule Kianda, mama wa keki aliniuliza kila jioni, "Mtoto wa daktari amezaliwa?"

"Bado, anti. Mimba imekomaa."

Halafu modeli mpya ikatoka. Ilikuwa nzuri, sitasema vingine. Nyepesi kidogo, kasi kidogo. Kidirisha kilikuwa kilekile.

Jumamosi daktari alikuja, akaketi, akaagiza chai, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Kidirisha changu kiko wapi?"

"Daktari," nikasema, "hao watu wa kiwanda hawasikii."

"Hawasikii kweli," akasema kwa huzuni nzuri kabisa. "Basi sinunui. Nitangoja ile inayofuata. Kitu kizuri hivyo hawawezi kukosa kukileta." Akanigusa bega. "Wewe endelea tu kunisomea."

Alipoondoka, binamu yangu alizima printa. "Siz, umemtangazia sweta ambayo bado haijafumwa. Sasa hii yake ataivaa mpaka azeeke."

"Wewe ndiye uliongeza mvua."

"Mvua haikuharibu kitu."

Tulicheka, lakini niliporudi Kianda nilikuwa nimechoka kuliko siku ya harusi mbili. Mama wa keki alikuwa mlangoni kwake, unga mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake, juu ya meza, kulikuwa na keki ya ghorofa tatu, na maua ya sukari yanashuka ubavuni moja baada ya jingine. Ilikuwa ya harusi ya kesho, kanisani kwao.

"Amezaliwa?"

"Amezaliwa, anti. Lakini daktari amekataa kumchukua."

Aliipokea vile watu wa kwetu hupokea habari ya maji kukatika. "Basi tutangoja huyo mwingine." Akaigeukia keki yake, akairekebishia ua moja. "Hii nayo kesho saa sita itakuwa tumboni mwa watu."

Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lilinikaa rohoni. Sisi wengine kwenye foleni tulikuwa tunangoja kamera, na kamera haziozi. Yeye alikuwa anangoja na keki mkononi.

Asubuhi, anti alipoenda kuchota maji, niliketi kitandani na kikamera changu. Nilitoa picha zangu zote, nikabakiza moja tu ya binamu yangu amelala studioni, mdomo wazi, mkasi mkononi, ili anti akikiwasha aanze siku akicheka. Nikafuta lenzi kwa pindo la gauni. Halafu nikaingia kwake, mlango haukuwa umefungwa, nikakiweka mezani upande wa dirisha, ambako mwanga ulikuwa umeshafika kwenye ghorofa ya pili ya keki, nikakiwasha, nikakielekeza kwenye maua ya sukari, nikakiacha hapo.